"Mama, Yesu Alikufa au Hakufa?": Swali la Binti wa Nyumba Yenye Dini Mbili

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Mlutheri niliyezaliwa na kulelewa Machame, na mume wangu ni Muislamu wa Pangani anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga. Tulifunga ndoa ya serikali kwa mkuu wa wilaya mwaka 2012, kwa sababu mimi sikuwa tayari kusilimu na yeye hakuwa tayari kubatizwa. Wazazi wa pande zote mbili walihudhuria, ingawa baadhi yao walihudhuria wamenuna. Kabla ya harusi tulikubaliana kwamba watoto tutakaojaaliwa tutawaambia kuwa dini zote ni sawa, Mungu ni mmoja, na kinachotofautiana ni njia tu. Binti yetu wa kwanza tulimpa jina la Mariamu, kwa kuwa ni jina ambalo bibi zake wote wawili wangeweza kuliita bila kuguna.

Mariamu sasa ana miaka kumi na miwili na yuko darasa la sita. Shuleni kwao, kipindi cha dini kinapofika, watoto hugawanyika: Waislamu huenda kwa ustadhi na Wakristo huenda kwa mwinjilisti. Nimegundua mwaka huu kwamba yeye amekuwa akienda huku wiki moja na kule wiki nyingine, na ana madaftari mawili ambayo huyalinganisha usiku. Kwaresima na Ramadhani zilipoanza katika juma moja mwezi Februari, aliniambia kwamba atafunga, kisha akaniuliza, "Lakini nafunga ya nani?" Nilicheka, nikamwambia afunge ya Mungu.

Ijumaa Kuu sikuweza kucheka. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekaa kula pamoja na shemeji yangu aliyetutembelea, na Mariamu akauliza mbele ya wote: "Mama, Yesu alikufa au hakufa? Daftari hili linasema alikufa msalabani, na hili linasema hakuuawa wala hakusulubiwa. Nani anasema uongo?" Mume wangu alinyamaza. Shemeji yangu, ambaye simu yake imejaa mihadhara ya kidini, alijibu kwamba hakufa, na kwamba sisi Wakristo tumekibadilisha kitabu. Nilikasirika, nikasema kwamba wao kitabu chao wamenakili kutoka chetu. Mume wangu alisimama akaondoka mezani, na tangu siku hiyo tunazungumza mambo ya ada na umeme tu.

Mama mkwe anataka mtoto aende madrasa kwa dhati badala ya kugusagusa. Mama yangu anauliza kwa nini hajaandikishwa mafundisho ya kipaimara. Naomba unieleze kama tulikosea tangu mwanzo, nimjibu nini mtoto wangu, na hatua gani tuichukue sasa. Tafadhali usinipe jibu la kunituliza.

Mama wa Wawili, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kwa kuwa umekataa kutulizwa, nitaanza na lile linalouma. Ndiyo, mlikosea, na kosa lenu limo katika neno "sawa". Neno hilo katika Kiswahili chetu lina tabia ya kubeba mizigo miwili kwa pamoja. Mlipokubaliana, bila shaka mlikusudia kwamba dini zenu zinastahili heshima sawa ndani ya nyumba yenu, na jambo hilo ni jema. Mtoto alisikia kwamba dini zenu zinasema mambo yaleyale, na hilo si kweli, wala hakuna sheikh au mchungaji anayelisema. Alipofika umri wa kusoma mwenyewe alikuta madaftari mawili yanapingana, na kwa kuwa mlikuwa mmemwambia kwamba hayapingani, lililobaki kwake lilikuwa kumtafuta mwongo.

Sitajificha: mimi ni Muislamu, na nilisomeshwa na masista kwa miaka sita. Ili nisiseme vibaya kwa niaba ya Wakristo, aya zinazohusu imani yao nilimpa jirani yangu, mchungaji mstaafu, azisome kabla hazijachapishwa. Alifuta neno moja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba Wakristo wanaamini "sehemu tatu" za Mungu. Yeye alikata kwa kalamu nyekundu na kuandika "nafsi tatu", kisha akaniambia kwamba Mungu hana sehemu, na kwamba katika hilo mimi na yeye hatuna ugomvi. Ninakutajia kisa hiki kwa sababu sehemu kubwa ya ugomvi wa mezani kwenu imetokana na mtu mmoja kusema imani ya mwenzake kwa maneno ambayo mwenyewe asingeyatumia.

Sasa swali la Mariamu. Mjibu hivi, bila kuzungukazunguka: Wakristo wanaamini kwamba Yesu alisulubiwa, akafa, akazikwa na siku ya tatu akafufuka. Waislamu wanaamini kwamba Isa hakuuawa wala hakusulubiwa, kwamba watu walifananishiwa tu, na kwamba Mwenyezi Mungu alimwinua kwake. Haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na binti yako ameona sawasawa. Mwongo huwa anajua ukweli na kuuficha, lakini mama yake na baba yake kila mmoja anasema analoliamini, kwa hiyo hakuna mwongo katika nyumba hiyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kabisa kuelewa tofauti kati ya kusema uongo na kutokukubaliana.

Usiishie hapo, kwa maana atauliza kwa nini, na hapo ndipo pana utajiri. Kwa Mkristo msalaba ndio kiini chenyewe. Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, anaeleza kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, na mistari michache mbele anakiri kwamba kama Kristo hakufufuka basi imani yote ni bure. Nyuma ya maneno hayo kuna fundisho kwamba binadamu, tangu Adamu, ameingia katika hali ya dhambi ambayo hawezi kujitoa mwenyewe, na kwamba Mungu mwenyewe, katika Mwana, alikuja kumtoa. Ukiuondoa msalaba, Mkristo habaki na Ukristo uliopungua kidogo; hana kitu.

Qurani nayo inasimulia kosa la Adamu, lakini inasimulia pia kwamba Adamu alipokea maneno kutoka kwa Mola wake, akatubu na akasamehewa. Inarudia mara kadhaa kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto huzaliwa msafi, hukosea, hutubu kwa Mungu moja kwa moja, na Mungu husamehe. Katika mpangilio huo hapana deni linalosubiri mtu wa kulilipa kwa damu. Zaidi ya hayo, kwa Muislamu, Isa ni mtume mtukufu ambaye Mungu hakuwaachia maadui zake wajigambe kwamba wamemuua. Aya ya 157 ya Sura ya Nne inataja kujigamba huko ndipo inakanusha. Kwa hiyo mume wako anapokana msalaba hamvunjii Yesu heshima, ingawa najua kwamba wewe, uliyekuwa umetoka kanisani siku ya Ijumaa Kuu, ulisikia hivyo. Machoni pake anamtetea.

Hilo la kumheshimu Isa lieleze kwa Mariamu kwa urefu, kwa sababu linahusu jina lake. Bibi Mariamu ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qurani, na Sura ya 19 inaitwa kwa jina lake. Waislamu wanaamini kwamba alimzaa Isa akiwa bikira, kwa amri ya Mungu. Wanamwita Isa Masihi, na Qurani inamwita neno litokalo kwa Mungu. Wengi wao wanamngoja arudi kabla ya Kiyama, kama mnavyomngoja ninyi. Wasipokwenda nanyi ni pale mnaposema kwamba yeye ni Mwana wa Mungu na ni Mungu. Sura ya Ikhlasi, ambayo mtoto wa madrasa huihifadhi mapema sana, inasema kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, na kumshirikisha Mungu na yeyote ni shirki, dhambi iliyo kubwa kuliko zote.

Katika jambo hili pande zote mbili husingiziana, na nina wasiwasi kwamba madaftari ya Mariamu yamo katika usingiziaji huo. Kuna watoto wanaotoka madrasa wakidhani kwamba Wakristo wanaamini Mungu alioa akapata mtoto. Hakuna Mkristo anayeamini hivyo. Imani ya Nikea, iliyotokana na mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 325, inanena juu ya Mwana aliyezaliwa kwa Baba kabla ya nyakati zote, na uzazi huo hauna uhusiano wowote na mwili. Kuna watoto pia wanaotoka shule ya Jumapili wakidhani kwamba Waislamu wanamwabudu Muhammad, au kwamba Allah ni mungu mwingine. Wakristo wa Misri na Lebanoni, wanaosali kwa Kiarabu, humwita Mungu Allah kila Jumapili, na Muislamu akikiri kwamba Muhammad ni mtumwa na mtume wa Mungu anakuwa ameshakanusha kwamba ni wa kuabudiwa.

Nikushauri jambo moja kama mwalimu kwa mwalimu, kwa maana nami nilishika chaki miaka mingi. Watu wengi hulinganisha Biblia na Qurani, na Yesu na Muhammad, kana kwamba ni safu mbili za jedwali. Ulinganisho huo ndio unaozaa mihadhara kama ile iliyojaza viwanja vyetu miaka ya 1980 na 1990, ambako mtu alisimama na vitabu viwili mkononi akishindanisha mistari. Kwa Muislamu, Neno la Mungu lililoshuka duniani ni Qurani yenyewe, iliyoteremshwa kwa Mtume kwa takriban miaka 23, na ndiyo maana inasomwa kwa Kiarabu kilekile katika swala, na tarjuma haihesabiwi kuwa ni Qurani. Kwa Mkristo, Neno la Mungu lililoshuka duniani ni Yesu, kama Injili ya Yohana inavyofungua, na Biblia ni ushuhuda juu yake. Ndiyo maana unaisoma kwa Kiswahili bila kuona kwamba umepoteza kitu. Ukilielewa hili, utaelewa kwa nini maneno yako kuhusu kunakili yalimwinua mume wako mezani. Kwake yeye yalikuwa kama mtu angemtukana Kristo mbele yako.

Na shemeji yako naye amekosa. Kauli kwamba Wakristo walibadilisha kitabu huwa inatamkwa kama jambo jepesi, ilhali wanazuoni wa Kiislamu wenyewe walitofautiana tangu zamani: wapo waliosema kwamba yaliyogeuzwa ni maneno ya kitabu, na wapo waliosema kwamba kilichopotoshwa ni tafsiri. Kijana mwenye simu iliyojaa mihadhara asiwatangulie wanazuoni. Mume wako ndiye wa kumwambia hivyo, wewe usimwambie.

Tuje kwenye matendo, ambayo mtoto huyaona kabla ya kuyaelewa mafundisho. Hapa lugha yetu inatuhadaa, kwa kuwa makanisa yalipotafsiri maandiko yalichukua maneno mengi ya Kiarabu yaliyokwishazoeleka pwani, na leo sote tunasema malaika, dhambi, sadaka, zaka na Injili. Chukua zaka. Kwa baba yake Mariamu ni nguzo ya dini: asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima, nayo hupewa makundi yaliyotajwa katika Qurani, yakiongozwa na mafukara na masikini. Kwako wewe ni fungu la kumi la mapato, na linapelekwa kanisani. Chukua pia sala. Wewe unasali ukiwa umekaa kwenye basi, kwa maneno yako mwenyewe, na ni sala kamili. Mume wako akiomba dua kwenye basi naye anaomba, lakini hiyo haikuwa swala. Swala ina wakati, udhu, kibla na rakaa, kumi na saba za faradhi kwa siku. Mtoto anaposikia kwamba "wote wanasali" na akaona mmoja anatawadha na mwingine anafumba macho tu, anaweza kudhani kwamba mmoja wenu ni mvivu.

Na alipouliza anafunga ya nani, swali lilikuwa na akili kuliko jibu ulilompa. Ramadhani ni faradhi kwa kila Muislamu aliyebaleghe na mwenye uwezo: hakuna chakula wala maji kuanzia alfajiri hadi magharibi, na watu hufunga pamoja, hufuturu pamoja na hujulikana kwamba wamefunga. Kwaresima ni siku 40 ukitoa Jumapili, na katika kanisa lenu kiasi cha kujinyima huachiwa dhamiri ya mtu. Juu ya hayo, Injili ya Mathayo, sura ya 6, inamtaka anayefunga apake mafuta na kunawa uso ili watu wasimtambue. Saumu hizi mbili zina mwelekeo tofauti, na msichana anayejaribu kuzifunga zote mbili kwa pamoja hafungi hata moja kwa namna inayokusudiwa. Mwakani muulize mapema anataka kujifunza ipi, na mzazi mwenye saumu hiyo ndiye afunge naye.

Umeuliza mchukue hatua gani. Madrasa na kipaimara visianze kwa sababu mama zenu wamedai. Mafundisho ya kipaimara humwandaa mtu kuikiri imani aliyobatizwa nayo, na kama Mariamu hajabatizwa, mama yako anaruka ngazi. Kwa upande mwingine, fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inamhesabu mtoto wa baba Muislamu kuwa ni Muislamu, na mama mkwe wako anapomtaka madrasa haoni kwamba anaomba kitu kipya. Kila bibi anaamini kwamba anadai haki iliyopo. Ninachokukataza kwa nguvu zangu zote ni kumbatiza mtoto kwa siri wakati wa likizo Machame, na mume wako namkataza vivyo hivyo kumtamkisha shahada, tamko la kuukiri Uislamu, nyuma yako. Nimewaona watoto waliofanyiwa yote mawili, na walichojifunza kutoka kwa wazazi wao ni kuficha.

Kaa na mume wako bila shemeji na bila bibi. Anza kwa kuomba radhi kwa lile neno la kunakili, kwa sababu ulilisema wewe, na usingoje yeye aanze. Kisha mfute kwa pamoja ile kauli ya zamani na mkubaliane juu ya nyingine: kwamba kila mmoja atafundisha dini yake na hatafundisha ya mwenzake, na kwamba mtoto akiuliza jambo la upande wa pili atapelekwa kwa mzazi wa upande huo. Mariamu aendelee na madaftari yake mawili, ila ustadhi na mwinjilisti waambiwe wazi, maana hivi sasa kila mmoja huenda anadhani mwenzake ndiye anayemwibia mwanafunzi. Akifika umri wa kuamua, ataamua, na mmoja wenu atahuzunika. Huzuni hiyo mliikubali mwaka 2012, ingawa hamkuitaja.

Hukuniuliza kuhusu mirathi, lakini nitakuwa nimekukosea nikinyamaza. Kwa fikihi inayofuatwa pwani yetu, mke Mkristo hamrithi mume Muislamu, wala mtoto aliyetoka katika Uislamu hamrithi baba yake. Mume anaweza hata hivyo kuwausia hadi theluthi moja ya mali yake. Mahakama zetu huangalia jinsi marehemu alivyoishi ili kujua sheria ipi itumike, na kuthibitisha hilo msibani, mbele ya mashemeji, ni kazi ngumu. Mwende kwa wakili mkiwa wazima, pamoja na sheikh anayeaminiwa na mume wako, na wosia uandikwe mwaka huu. Nyumba mliyojenga pamoja iwe na majina yenu wawili.

Mwishoni mwa Mei kutakuwa na Idi ya Kuchinja, na mume wako bila shaka atachinja. Mtoto wenu wa pili, ambaye hukumtaja katika barua, naye atafika siku moja kwenye kisa cha Ibrahimu na kuuliza ni mwana yupi aliyelazwa chini ya kisu. Biblia, katika Mwanzo sura ya 22, inamtaja Isaka. Qurani inasimulia kisa hicho katika Sura ya 37 bila kumtaja mwana huyo kwa jina, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wanasema alikuwa Ismaili. Swali hilo mwachie baba yake alianze, kwa kuwa ni sikukuu yake, kisha yeye akukaribishe uendelee. Mchungaji jirani yangu ameniomba niongeze kwamba ukialikwa kula nyama hiyo, ule.

Mama Mshauri